Mkaguzi Alikuta Majivu

6 Februari

Mwanangu,

Habari za huko, habari za mkeo, habari za kaka yangu. Huku sisi wazima, na nikisema sisi ujue ni mimi na paka. Paka ananenepa, mimi napungua, kwa hiyo nyumba haijabadilika uzito.

Najua umepiga simu mara tatu. Sio kwamba nimekususa. Sikio la kushoto limeshafungasha virago na la kulia liko njiani. Nikipokea simu nasikia mtu ananguruma kama yuko ndani ya pipa. Namwitikia "ndiyo, ndiyo," halafu siku ya pili analetwa mtu na mifuko ya saruji anasema nimeagiza. Kwa hiyo tuandikiane. Mwenye duka huku anashuka mjini kila wiki mbili, atakuwa ananitilia barua posta na kuniletea za kwangu. Andika kwa herufi kubwa, macho bado ni yangu.

Mwambie kaka anywe dawa zake. Mwambie nimesema mimi.

Sasa nililokuandikia. Nyuki wangu wanaumwa. Wiki mbili zilizopita nilifungua mzinga wa tatu kutoka ukutani nikaona masega hayako sawa. Vile vifuniko vya majana, yaani watoto wa nyuki, ambavyo siku zote vimevimba kidogo kama mkate, vimezama, vingine vimetoboka. Nilichomeka kijiti cha kiberiti ndani, kikatoka na uzi mrefu wa rangi ya chai, unavutika kama kamasi. Na harufu. Sijui nikuelezeje harufu yake. Kama gundi ya seremala iliyoachwa juani.

Redio imesema serikali imetenga fungu la kulinda afya ya nyuki na kuwashika mkono wafugaji ambao mizinga yao itabidi iteketezwe. Mtangazaji alisoma kama mtu anayefukuzwa. Nikadaka maneno matatu tu: mfuko, fomu, mkaguzi. Nikajisemea hapo ndipo anapofanya kazi mtoto wetu. Nieleze inakuwaje.

Shangazi yako


27 Februari

Shangazi, shikamoo.

Barua yako imenifikia juzi. Poleni na upweke huko, wewe na paka. Sisi tunaendelea. Mama watoto amepangiwa zamu za mchana hospitalini, kwa hiyo tunaonana mlangoni, mmoja anaingia mwingine anatoka. Baba dawa anakunywa, ila fimbo ameikataa. Daktari alimpa fimbo nzuri kabisa, yeye anaitumia kuwashia taa ukutani bila kuinuka kitini. Nilipompa salamu zako alisema, "Huyo ananiamuru tangu akiwa na meno ya utoto."

Kuhusu nyuki. Mfuko upo kweli. Nimekuwekea fomu kwenye bahasha hii. Ijaze yote, usiache nafasi wazi hata moja, maana nafasi wazi inarudisha fomu nzima. Sehemu ya tarehe uliyoona dalili kwa mara ya kwanza ni muhimu. Ikishapokelewa atatumwa mkaguzi, atachukua kipande cha sega, atahesabu mizinga, na mizinga itachomwa mbele yake. Baadaye utapewa mizinga mipya na makundi ya nyuki wazima. Hawatoi fedha mkononi.

Nakusihi jambo moja, Shangazi. Usichome kabla mkaguzi hajafika. Kanuni haina mlango wa nyuma hapo.

Mimi mwenyewe niko masjala, kazi yangu ni kupokea mafaili na kuyapanga, kwa hiyo sina sauti kubwa. Tuko wanne na viti vitatu. Anayechelewa anakaa juu ya boksi la karatasi. Lakini nitakuwa nalitupia jicho faili lako.

Mwanao


31 Machi

Mwanangu,

Nimeijaza fomu siku ileile na mwenye duka ameifikisha. Nina kikaratasi chenye mhuri wa kupokelewa, tarehe 11 Machi. Nimekibandika ukutani kwa pini, kila asubuhi nakitazama nikinywa chai.

Mkaguzi hajaja.

Mizinga mitano sasa. Mitatu imedhoofika kiasi kwamba nyuki wa nje wanaingia kuiba asali mchana kweupe na walinzi mlangoni wanawatazama tu. Hilo ndilo linaloniogopesha. Mwizi anaondoka na asali na ugonjwa humohumo. Unamkumbuka Fundi Randa, yule seremala wa ng'ambo ya mfereji? Alikutengenezea kiti ukiwa darasa la kwanza. Ameingia kwenye ufugaji miaka sita iliyopita, mimi ndiye nilimfundisha. Ana mizinga ishirini na minne, ameipaka rangi ya samawati kama milango ya shule. Nyuki wake na wangu wanakunywa mfereji mmoja.

Watu wa kikundi chetu cha wafugaji wananiuliza, "Mwalimu, mbona hutuiti siku hizi kuja kuangalia mizinga?" Nawaambia mgongo unaniuma. Mgongo kweli unaniuma, sijadanganya.

Nimeziba milango ya ile mitatu ibaki upenyo wa nyuki mmoja mmoja. Natembea, narudi, nakaa. Mtu ukisubiri gari ambalo hujui linatoka upande gani, shingo inachoka.

Kaka anaendeleaje? Nimecheka habari ya fimbo mpaka paka akashtuka.

Shangazi


9 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Naandika haraka, karani wa posta anafunga dirisha. Wote wazima.

Magari ya wakaguzi ni mawili kwa mikoa yote. Moja liko gereji tangu Januari na lingine limepelekwa kaskazini. Mafuta yameidhinishwa ila hayajatoka. Wanasema wiki mbili. Nimeambiwa hivyo na mtu anayejua.

Vumilia. Usichome. Tafadhali.

Mwanao


8 Mei

Mwanangu,

Habari za nyumbani. Mimi mzima.

Nimechoma.

Nilisubiri wiki mbili zako, na siku tatu nikaongeza za kwangu. Jumamosi ile nilikuta kwenye mlango wa mzinga wa saba nyuki wenye mavumbi ya maua ya manjano, yale ya alizeti. Mwenye alizeti ni Fundi Randa peke yake. Nikajua wake wameshaanza kuja kuiba kwangu. Sikuweza tena kukaa na kikaratasi chenye mhuri.

Nilimwita mwenyekiti wa kikundi na mwenye duka wawe mashahidi. Tulichimba shimo nyuma ya choo, kina cha kiuno changu. Mizinga kumi na tisa, yote, hata ile iliyoonekana mizima, maana huwezi kujua. Ilibidi tungoje jua lizame ili wote wawe wamerudi ndani. Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikaa kwenye ndoo nikawatazama wanarudi, miguu imejaa, wanajipanga mlangoni, wanaingia. Wanaingia vizuri tu, kwa heshima, kama watu wanaorudi kazini. Wa mwisho alipoingia niliziba milango kwa udongo mmoja baada ya mwingine, tukamimina petroli.

Mwenyekiti alisema, "Mwalimu, nenda ndani, tutamaliza sisi." Nikamwambia nisipokuwepo nitakuwa nimewauza.

Nta inawaka vizuri sana, mwanangu. Moto ulikuwa mzuri. Hilo nalo liliniudhi.

Asubuhi tulifukia. Niliandika karatasi, mashahidi wakatia saini. Mkaguzi wako amekuja tarehe 5 Mei, siku tisa baadaye. Kijana mpole, viatu safi. Alisimama ukingoni mwa shimo akaniuliza, "Mama, sasa mimi nichukue kipande cha nini?" Akaandika kwenye daftari lake: amekuta majivu, hakuna sampuli. Nilimpa chai, akanywa, akaondoka.

Ndiyo hivyo. Lifuatilie uonavyo.

Shangazi


19 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Sijapata barua yako tangu Aprili. Nimemuuliza mwenye duka kama posta imehama, akasema ipo palepale na foleni yake ileile. Basi nikasema mna kazi nyingi.

Kaka yangu hajambo? Mkeo bado ana zile zamu? Mimi nimerudi kwenye cherehani. Nashona sare za shule, kola kwa kola. Sindano nazitia uzi mwenyewe bila miwani, watoto wa shule wanakuja kutazama kama mchezo. Ua limekuwa kimya. Mtu mwenye masikio kama yangu asingetakiwa kulisikia hilo, lakini nalisikia.

Barua ya serikali imefika wiki iliyopita. Ombi limekataliwa kwa sababu mizinga iliteketezwa bila mkaguzi. Ilikuwa barua nzuri, imeandikwa kwa adabu, hakuna kosa hata moja la herufi. Nimeisoma mara mbili nikaiweka pamoja na hati ya shamba.

Wasalimie wote. Ukipata nafasi niandikie hata mistari miwili, niambie tu kama mko wazima.

Shangazi yako


16 Agosti

Shangazi, shikamoo.

Sisi wazima. Baba ni mzima. Ni yeye aliyenikalisha niandike. Barua yako aliikuta mezani akaisoma, unajua hana mipaka. Tangu siku hiyo kila nikirudi kazini, kabla sijavua viatu:

"Umemjibu dada yangu?"

"Bado, Baba."

"Yeye amekufanya nini?"

"Hajanifanya kitu."

"Basi wewe ndiye umemfanya."

Jana nikamwambia. Hakunifokea. Alichukua ile fimbo akatembea nayo mpaka chumbani kwake, kwa mara ya kwanza.

Shangazi, ile barua uliisoma mara mbili, kwa hiyo saini uliiona. Wewe ndiye ulinishika mkono nilipoanza kuandika jina langu, na ile herufi ya mwisho ninayoikunja bado naikunja. Uliiona ukanyamaza, ukaniambia imeandikwa kwa adabu. Bora ungenitukana.

Sikuwa masjala. Nilihamishwa Januari kwenda meza ya mapitio, inayokubali au kukataa maombi, kabla hata hujaniandikia. Sikukwambia kwa sababu nilijua ukijua utaniomba, na ukiniomba sitaweza. Nilijiona mjanja. Faili lako lilipoingia, sheria inanitaka nisimame niseme huyu ni shangazi yangu, apewe mwingine. Sikusimama. Mwezi uliotangulia mwenzetu mmoja alisema faili fulani ni la mkwewe, wakamzungushia maneno ya kila aina korido nzima, kwamba ndugu zake wanajaa kwenye mfuko. Nikaogopa. Nikasema nikilipitisha watasema nimempendelea shangazi, nikilikataa hakuna atakayeuliza. Nikalikataa. Ilichukua muda mfupi kuliko kuandika mstari huu.

Na lile sharti la kuchoma mbele ya mkaguzi peke yake, niliandika mimi. Tulikuwa watatu tukiandaa kanuni, mimi ndiye nilipendekeza hivyo ili watu wasichome mizinga mibovu ya zamani kupata mipya. Wakati huo nilikuwa sijawahi kuhesabu magari.

Jumatatu nimeingia kwa mkuu wa kitengo nikamwambia yote. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema, "Ungeniambia Juni tungemaliza kwa karatasi moja. Sasa ni faili." Lakini amekubali ombi lako lifunguliwe upya, na atalipitia mtu mwingine. Tuna hoja. Fomu yako ilipokelewa tarehe 11 Machi, gari likatoka Mei. Uzembe ni wetu. Mashahidi unao.

Kinachohitajika ni tamko lako la kiapo, utie saini mbele ya hakimu wa hapo karibu: siku uliyoona dalili kwa mara ya kwanza, na kwamba ulitoa taarifa mara moja. Kwenye fomu uliandika 23 Januari. Urudie hivyohivyo. Karatasi iko ndani ya bahasha, wewe ni saini tu.

Sijui niombe msamaha kwa maneno gani. Nimejaribu matatu nikayafuta.

Mwanao


11 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Saini niliiona, ndiyo. Nilijua kabla sijafika chini, maana hakuna mwingine anayeandika "kwa masikitiko" kwenye barua ya serikali. Sikukutukana kwa sababu sikuwa na haki. Kaa chini usome polepole.

Tamko sitalitia saini. Nimelirudisha kwenye bahasha hii, safi kama ulivyolituma.

Tarehe 23 Januari ni uongo. Niliona tarehe 12 Novemba. Mzinga wa tatu kutoka ukutani, kijiti cha kiberiti, uzi wa rangi ya chai, yote niliyokueleza ni kweli, ila ilikuwa Novemba. Mimi ndiye ninayewapitisha watu mzinga kwa mzinga na kuwaambia, ukiona hivi usilale nalo. Nikalala nalo siku themanini na zaidi. Nilitoa fremu zenye masega mabaya nikazichoma jikoni moja moja, nikajidanganya kwamba nitaumaliza kimyakimya. Nilikuwa naogopa watu waseme Mwalimu naye ameoza. Hapo hakuna serikali wala gari bovu, hapo ni mimi.

Kuna kibaya zaidi. Desemba Fundi Randa alikuja kuazima mashine yangu ya kukamulia asali, kama anavyoazima kila mwaka. Ningemnyima ningelazimika kueleza. Nikampa.

Mwezi uliopita, siku nne kabla barua yako haijafika, alikuja hapa na kitu amekifunga kwenye gazeti. Nilikuwa kwenye cherehani.

"Mwalimu, hebu nitazamie hii."

Harufu ilifika kabla hajafungua. Nikamwambia, "Umeipata kwangu."

"Kwako vipi? Kwako si ulichoma Aprili?"

"Ile mashine ya Desemba. Nilikuwa najua tangu Novemba."

Alisimama. Hakupaza sauti, au labda alipaza nami sikusikia, lakini uso ulikuwa umetulia. Akalikunja gazeti, akalikunja tena, mpaka likawa dogo kama sabuni. Halafu akasogea upande wa sikio langu zima akaniuliza:

"Uliponipa, uliiosha?"

"Niliiosha. Kwa maji ya moto, mara mbili."

"Hujawahi kunioshea mashine hata siku moja, miaka sita. Kwa hiyo ulijua kabisa."

Akatoka. 

Yeye alitoa taarifa kesho yake. Kesho yake, mwanangu, sio baada ya siku themanini. Faili lake litapita mezani kwenu. Sikuombi ulipendelee, umeshaona kupendelea na kuogopa kupendelea vinatufikisha wapi. Naomba lisilale tu. Ana mizinga kumi mibovu, na kila siku inayopita inaweza kuwa kumi na moja.

Na langu lifunge. Andika sababu kama nilivyokueleza, usiipake sukari. Kama wewe ulinikataa kwa woga, ulimkataa mtu ambaye hakustahili, kwa hiyo tumekutana katikati na sote hatupendezi.

Mwambie kaka. Akikasirika mwache.

Shangazi


20 Oktoba

Shangazi, shikamoo.

Nilikaa na barua yako siku tano. Nilikasirika, bora niseme. Nilikuwa nimeingia ofisini kwa mkuu kifua mbele, nikasema huyu mwanamke amedhulumiwa na mimi ndiye niliyemdhulumu, halafu nikarudi kusema samahani, kumbe hata yeye ana lake. Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Ukoo wenu mnapenda kukiri, tatizo hamna haraka."

Nimeliondoa ombi. Sababu nimeiandika kwa mistari minne, bila sukari. Jina lako limewekwa kando, huwezi kuomba chochote kwenye mfuko kwa miaka mitatu.

Faili la Fundi Randa lilikwenda kwa mwenzangu, mimi sikuligusa hata kulihamisha meza. Nilimwambia mkuu mbele za watu kwamba ninamfahamu mwombaji na kwamba ugonjwa umetoka kwa shangazi yangu. Korido ilinyamaza nilipopita, kisha kesho yake wakarudi kuzungumzia mpira. Nilikuwa nimeogopa kitu cha siku moja.

Lile sharti nimependekeza libadilishwe: mkaguzi akichelewa zaidi ya siku kumi na nne, mashahidi watatu watoshe. Limepelekwa kwenye kikao cha mwakani. Usitarajie muujiza.

Na mimi wamenitoa mezani. Kutotaja ndugu ni kosa, adhabu ni kushushwa cheo. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili mimi ni mkaguzi wa shambani, na wamenipa upande wa kwenu kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Gari la pili limetoka gereji, linatetemeka likipita mwendo wa baiskeli. Mama watoto amesema angalau nitapata jua.

Baba nilimsomea barua yako yote. Aliisikiliza hata chai ikapoa. Halafu akasema, "Mwambie bado ni dada yangu," akageukia ukuta.

Mwanao


9 Novemba

Mwanangu,

Salamu za kaka nimezipokea. Nimezikalia muda mrefu.

Huku mvua imeanza, na bati la jikoni linavuja palepale. Paka amezaa, kumbe kunenepa kwa safari hii kulikuwa na sababu.

Mkaguzi alifika kwa Fundi Randa siku ya nane tangu fomu yake ipigwe mhuri. Walichoma kumi mbele yake, kila kitu kikaandikwa, na mizinga mipya imeletwa wiki iliyopita pamoja na nyuki. Bado ni ya mbao nyeupe, hajaipaka rangi. Nimeiona kutoka barabarani, sikusogea.

Miezi miwili hakunisalimia. Tukikutana dukani alikuwa anatazama misumari. Kikundi kimempa mtu mwingine kazi ya kufundisha, na wamefanya sawa. Niliwaeleza yote nikiwa nimesimama, mwenyekiti akanishukuru kwa sauti ya mtu anayefunga mlango. Mashine ya kukamulia nimeiponda kwa nyundo mbele yao.

Jumanne Fundi alikuja. Hakuingia, alisimama nje ya ua akasema kwa nguvu ili nisikie, "Macho yangu hayaoni mayai ya malkia. Njoo Ijumaa." Nikaenda. Kwenye geti alinivua glavu zangu akanipa za kwake. Vyombo alivichemsha kwenye maji ya magadi nikiwa natazama. Nikafungua mizinga mipya mmoja mmoja, yeye amesimama nyuma yangu karibu kabisa, anatazama mikono yangu bila kubandua macho. Kwenye mizinga yote nimeona mayai, malkia wanataga. Nilipomaliza akasema, "Na Ijumaa ijayo." Sio kwamba ameniamini. Hata mimi nisingeniamini. Lakini nilirudi nyumbani nikalala mchana mzima kama mtu aliyebeba mawe, na nilipoamka nilikuwa na njaa, jambo ambalo halijatokea tangu Aprili.

Sasa wewe unakuja. Sikiliza. Usije kwangu kwanza kama mtoto. Njoo kama mkaguzi, na uanze kwangu mchana, watu wakiwepo. Najua hakuna mzinga hata mmoja. Osha viatu getini, vaa kila kitu mnachovaa. Nenda nyuma ya choo uchimbe lile shimo mpaka ukutane na majivu, upime kama nilifukia kina cha kutosha, maana tulikuwa tumechoka na sikumbuki vizuri. Ukikuta hakitoshi andika hakitoshi, nami nitafukua nifukie upya. Usiniangalie usoni ukiwa unaandika.

Chai utakunywa ukishamaliza.

Shangazi yako